Mchwa wa Nyumba ya Likwata

Benchi letu lilikuwa Mtanda, Lindi, ubavuni mwa duka la nazi, na mimi ndiye niliyeuza kahawa hapo tangu vita viishe. Mwaka ule wa hamsini na tatu wenye benchi walikuwa watatu. Yahya tulimwita Karani, kwa sababu aliwahi kufagia ofisi ya karani bomani. Nassibu tulimwita Boila: alichochea moto melini miaka miwili, akaisimulia kwa miaka ishirini. Wa tatu alikuwa Likwata, fundi cherehani, ambaye nyumba yake ng'ambo ya njia ilikuwa inaliwa na mchwa. Miezi mitano hapakuzungumzwa jingine, mpaka nikachoka hata kulisikia neno lenyewe.

Aliyeona mapema ni mkewe, Kadija. Nguzo ya kati, iliyobeba paa la makuti, ilikuwa inabonyea kwa kidole, na chini ya paa hilo alilala mama wa Kadija, Bi Ziada, asiyeweza tena kutembea. Kadija akamwomba mumewe amwite Eusebio wa Mingoyo, fundi wa kuua mchwa aliyezunguka mashamba ya katani na bomba lake la dawa. Likwata akalileta ombi hilo benchini kama mtu aliyeshtakiwa.

— Mdudu wa nyumbani kwangu nimwitie mtu wa Mingoyo? Mimi sina mikono?

— Haraka haraka haina baraka, Karani alimwunga mkono. Anza na majivu.

Akaanza na majivu. Mchwa wakapita juu yake. Akamwaga mafuta ya taa, nyumba ikanuka mwezi mzima na Bi Ziada akakohoa mwezi mzima. Boila akasema melini waliua kila kitu kwa maji ya chumvi, basi Likwata akabeba madebe kumi na manne kutoka pwani, na udongo wa chini ya ukuta ukaanza kumomonyoka. Kila dawa iliposhindwa, benchi lilipata sababu. Karani alieleza kwamba hawa si mchwa wa Lindi. Walikuja ndani ya mbao za mataruma ya reli ya Nachingwea, wageni, majivu hawayajui. Boila akasema wana malkia mkubwa kama yai la bata, amekaa chini ya nguzo anasikiliza mashauri yetu. Kesho yake malkia alikuwa mkubwa kama paka, nao wakawa wanamjadili kwa kunong'ona. Nilipowakumbusha kuwa Bi Ziada hawezi kukimbia, waliniambia nimimine kahawa.

Jumatatu moja Kadija aliacha kuomba. Akampa dereva wa lori ujumbe, na Eusebio akajibu kwamba atafika Jumamosi. Likwata aliyasikia hayo kwa majirani. Alikuja benchini uso umemshuka.

— Akifika akute kazi imekwisha, alisema.

— Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, Karani alisema. Hawa wana miezi mitano.

Ijumaa, baada ya sala, wakaingia na majembe kumtafuta malkia. Walichimba pale pale chini ya nguzo. Kadija alisimama mlangoni.

— Baba Samia, mama yumo ndani.

Likwata akamjibu bila kuinua kichwa kwamba wamekaribia. Kadija hakubishana. Aliniita, nikaacha birika langu njiani, tukamwinua Bi Ziada na kitanda chake tukampeleka kwa jirani. Hatujamtua vizuri tukasikia makuti yanashuka. Nguzo ilikuwa imelala, na ukuta wa mashariki ukaifuata.

Wale watatu walitoka wazima, wamejaa vumbi mpaka kwenye nyusi. Likwata alikuja akakaa chini karibu na kitanda cha mkwewe, jembe bado mkononi, hawezi kumtazama. Bi Ziada akamwuliza kwa upole kama malkia wamempata. Likwata akatikisa kichwa, machozi yakamtoka.

Jumamosi Eusebio aliteremka kwenye lori, debe la dawa mkononi na bomba mgongoni. Alilizunguka lile rundo polepole, akachoma kipande cha nguzo kwa kisu, kisu kikazama chote. Kisha akaja benchini, walipokuwa wamekaa wote watatu kwa kukosa pa kwenda. Akatoa salamu. Nilimpa kahawa, akasema baadaye.

— Nimeitiwa nyumba, alisema. Sasa dawa niimwage wapi?

Karani akamtazama Boila. Boila akatazama ndani ya kikombe chake. Kadija alikuwa amesimama nyuma ya Eusebio, amejifunga khanga kiunoni, mikono imejaa udongo.

— Mjibuni, alisema. Miezi mitano hamkukosa jibu.