Neno Alilolikata Marehemu

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi saa. Alimaliza sekondari mwaka 1970, na Januari iliyofuata akaajiriwa na kiwanda cha uchapaji kuwa msahihishaji. Alikalia kiti kilekile cha dirishani miaka thelathini na minane, rula ikishuka mstari kwa mstari. Wenzake walimwita Kalamu Nyekundu.

Wasifu wa marehemu wengi ulipita mikononi mwake. Kila alipokuta "alisimama kidete", aliwaita wafiwa. "Poleni sana. Alisimama na nani? Kilimgharimu nini?" Wakikosa jibu, alilikata neno hilo. Upole na uchapakazi vilikuwa na maneno yake. Hili alimwekea aliyebaki na mwenzake pale ambapo kuondoka kungemwokoa. Wengi walitoka wamenuna. Kijana mmoja alijibu, "Na timu yake ya mpira, mzee. Imeshuka daraja mara tatu." Marehemu akaliacha.

Alifunga ndoa tarehe 14 Desemba 1974 na mwalimu wa chekechea, wakajaliwa binti na mwana.

Agosti 1983 gazeti lililochapwa kiwandani hapo lilitoa tangazo la kifo cha mtu aliye hai. Alifukuzwa mpanga herufi, aliyekuwa na Marehemu chanda na pete. Karatasi ya kosa, yenye sahihi ya Marehemu ya kuidhinisha, ilikuwa mfukoni mwa Marehemu mwenyewe. Akanyamaza. "Kesho nenda kaseme," mkewe alimsihi. Hakwenda, na aibu hiyo haikumtoka.

Rafiki huyo alifariki mwaka 1996. Wasifu wake ulipoletwa kusahihishwa, ulisema kwamba rafiki yake msahihishaji alisimama naye kidete. Marehemu alilikata neno lile, akamfuata mjane kumweleza sababu. Mjane alimsikiliza mlangoni, kisha akafunga mlango.

Tarehe 2 Mei 2019 alipatwa na kiharusi. Mkewe aliacha kazi, akamlisha na kumgeuza kitandani miaka minne. Wifi yake alimwambia aende kwao akapumzike kidogo. "Nitapumzika naye," akajibu.

Juni 2023 binti alimsomea Marehemu rasimu ya wasifu huu. Alipofika kwenye "alisimama kidete", mkono wa baba ulimzuia.

"Likate."

"Jamani, Baba!"

"Likate. Mpe mama yako."

Alifariki siku tatu baadaye, tarehe 9, saa nne asubuhi.

Ameacha watoto wawili, wajukuu watano, na mke aliyesimama naye kidete.

Lala salama, Baba. Tumelikata, na tumempa.