Beryl Pask na Gati la Mwaka 79

Ndugu, jamaa na majirani, mimi ni Desmond Hatchard, mdogo wake marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake.

Marehemu Beryl Maud Pask alizaliwa tarehe 14 Machi 1945 huko Bermondsey, London, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Cyril Hatchard, aliyeoka biskuti kiwandani, na mama Ivy, na alisoma shule ya parokia hadi mwaka 1960, alipoajiriwa kuwa karani katika yadi ya mbao, ambako kwa miaka kumi na minne alijifunza kuutambua mti kwa kuunusa tu.

Mwaka 1974 alijiunga na wachimbaji wa mambo ya kale waliokuwa wakitafuta, chini ya majengo ya kando ya Mto Thames, gati walilojenga Warumi, akianza kwa kubeba ndoo za tope siku za Jumamosi, na baadaye akaajiriwa kuhesabu miduara iliyomo ndani ya boriti za mwaloni, kwa kuwa kila mwaka mti huongeza duara moja, na anayejua kuisoma hukwambia mti ulikatwa mwaka gani.

Hapo ndipo alipokutana na Leonard Pask, tunayemwita Len, fundi wa pampu, ambaye kazi yake ilikuwa kuuzuia mto usirudi shimoni, na ambaye alimwambia siku ya kwanza, "Wewe dada unahesabu miti iliyokufa, nani atakuhesabu wewe?" naye akamjibu, "Tengeneza pampu yako, viatu vyangu vimelowa," wakafunga ndoa tarehe 17 Mei 1980, na Mungu akawajalia binti mmoja, Marian, aliyezaliwa tarehe 2 Juni 1981.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wengi mmelisikia nusunusu, na ambalo Dokta Alastair Croome, aliyekuwa mkuu wake, na ambaye yupo nasi hapa leo, ameniambia kwa hiari yake, "Lisome lote, Desmond, usiniruke."

Dada yangu alikuwa amehesabu boriti moja kubwa na kutamka kwamba gati lilijengwa mwaka 52 baada ya Kristo, yaani mwanzoni kabisa mwa mji huu, magazeti yakaandika, na Dokta Croome akaandika kitabu kizima juu ya mwaka huo, lakini Jumatatu tarehe 4 Oktoba 1982 pampu iliharibika, maji yakajaa, na Len alipoyatoa, tope lililoziba boriti ile lilikuwa limeoshwa, yakaonekana matundu ya vigingi ambayo hayakulingana na boriti yoyote ya jirani, naye Beryl akakaa chini palepale kwenye matope, kwa sababu alielewa kwamba boriti ile iling'olewa kutoka jengo la zamani zaidi, ikatumiwa tena gatini, hivyo umri wake haukuwa umri wa gati.

Alimwita mkuu wake akamwambia, "Dokta, njoo uone kosa langu," naye Dokta akayatazama matundu yale, kisha akauliza, "Nani mwingine ameona?"

"Mimi na Len."

"Basi Ijumaa si mbali," akasema, maana Ijumaa mashine za wajenzi zingeingia kuvunja kila kitu, na matundu yale pia.

Jioni ile mama yetu alimsihi anyamaze, akisema, "Mwanangu, una mtoto mdogo, hao Warumi wameshakufa, watakudai nini?" na Beryl alilia, hilo nililiona kwa macho yangu, lakini kesho yake yeye na Len walikata vipande vya boriti nyingine tano, akahesabu siku tatu mfululizo, zote zikatoa mwaka 79, na mwezi Novemba akasimama mbele ya wataalamu wapatao sitini akasema, "Nilikosea, na ushahidi huu hapa."

Kitabu cha Dokta kilisimamishwa kisichapishwe, mkataba wa Beryl haukuongezwa, akarudi yadi ya mbao kwa miaka mitano, hadi mwaka 1987, kundi jingine la wachimbaji, ng'ambo ya mto, lilipomfuata likisema linataka mtu ambaye akikosea atasema, akafanya kazi nao mpaka alipostaafu mwaka 2005.

Mwaka 2008 alianza kuugua ugonjwa wa kutetemeka, mikono ikakataa kushika lenzi ambayo hata baada ya kustaafu hakuiacha, na Marian akawa anamwonyeshea miduara kwa ncha ya sindano huku yeye akihesabu kwa sauti, na hali ilipozidi alirudishwa kutoka hospitali hadi nyumbani Deptford, ambako alifariki Alhamisi tarehe 9 Januari 2014, saa tano asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa Len, akiwa na umri wa miaka 68.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliokuwa wakija nyumbani, jirani yetu Bibi Pauline Skeggs aliyeleta supu kila Jumanne bila kuombwa, na wachimbaji wenzake waliokuja leo na viatu vyenye matope kutoka kazini, mmetuheshimu sana, na Len, ambaye hawezi kusimama kusema, ameomba niwaambie hivi: "Mke wangu alikuwa mbishi, na aliponibishia alikuwa sahihi, isipokuwa juu ya pampu."

Dada Beryl, umefanya kazi yako, pumzika sasa kwa amani.