Tundu la Fyuzi ya Kumi na Mbili

Benchi lenyewe ni ubao wa mkaratusi uliopigiliwa misumari juu ya rimu mbili za lori, kando ya karakana ya kuchomelea vyuma, kwenye kona moja ya Nanyuki ambapo barabara inaanza kuteremka kuelekea sokoni. Upande mmoja wa benchi hukaa Nyawira na jiko lake la makaa, birika la kahawa ya tangawizi likiwa juu yake tangu asubuhi. Hakuna anayekaa hapo bila hoja. Asiyekuja na yake hupewa. Jumamosi hiyo Wambugu, ambaye kijiwe kizima humwita Meja ingawa hajawahi kuvaa magwanda hata siku moja, alifika amekunja uso, na hasira yake alikuwa ameifunga ndani ya taulo la bluu.

Alilitua taulo kwenye benchi, karibu na jiko, akalifungua polepole ili kila mtu aone. Ndani mlikuwa na kitu cha shaba chenye ukubwa wa ngumi, kilichochongoka mbele, chenye pete za namba kama za uso wa saa. Ubavuni kilikuwa kimepigwa muhuri wa mwaka 1942, na chini ya mwaka huo palikuwa na tundu moja safi ambalo kidole kidogo kingeweza kulijaribu. Ilikuwa fyuzi ya mzinga, ile pua inayofungwa kwenye ncha ya kombora na kuliamuru wakati wa kulipuka.

— Tazameni nyinyi wenyewe, alisema. Hiki ndicho kinanivunjia boma.

Wa kwanza kutazama alikuwa Mwirigi, aitwaye Ripota kwa sababu haachi kusikiliza redio na anachokisikia hukirudia kikiwa kimenenepa. Alitazama kwa mbali, kikombe mkononi, akauliza kama kitu hicho kimekunywa chai.

Meja hakucheka. Alianza kueleza kisa chake, na kila alipokieleza alipandwa na hasira upya. Baba yake alirudi kutoka vita vya Burma na fyuzi moja, tupu, iliyokuwa ikizuia karatasi zisipeperuke mezani. Meja aliirithi, na katika miaka yake yote ya kutunza stoo ya chama cha wakulima alitafuta nyingine, akaandikiana na wakusanyaji wenzake wa nchi za mbali, mpaka zikafika kumi na moja. Kila moja ilikuja na barua inayosema ni fundi gani aliifungua, alitoa nini ndani yake, na mwaka gani. Zimepangwa kwenye rafu ya sebuleni, chini ya picha ya harusi. Ya kumi na mbili, hii hapa, aliinunua mwaka jana kwa jamaa mmoja wa vyuma kuukuu anayezunguka upande wa Doldol.

Kisha ikaja Pasaka. Lynn, binti yake anayefanya kazi Nyeri, alikuja na mtoto wake wa mwaka mmoja. Lynn hajaolewa, kwa hiyo mtoto alipewa jina la babu, naye ni Wambugu vilevile. Lynn alitoka jikoni akamkuta Wambugu mdogo ameketi chini, ameishika ya kumi na mbili kwa mikono miwili, anaigonga kwenye sakafu ya saruji, na Wambugu mkubwa yuko kando anacheka mpaka machozi yanamtoka. Alimnyakua mtoto na mkoba, akaondoka kabla chakula hakijapakuliwa. Hajalala kwa baba yake tangu siku hiyo. Na sasa Kabura, mke wa Meja, alikuwa amesema la mwisho. Vyuma vitoke ndani ya nyumba, au yeye amfuate mjukuu wake huko Nyeri. Lynn alikuwa njiani asubuhi hiyo kuja kumchukua.

— Miaka thelathini na sita nimekaa na huyo mama, Meja alisema. Hajawahi kunikuta kwa baa. Leo ati nichague. Kana kwamba mimi ni mlevi.

— Mlevi ni afadhali, Ripota alimwambia. Mlevi akilala, mtu anajua amelala.

— Hii haijalala. Hii imekufa.

— Nani alienda matanga?

Nyawira aliinamisha uso juu ya birika ili asionekane anatabasamu. Meja alimwona. Akageuza hasira, akaipeleka kanisani, kwa kuwa huko ndiko moto ulikotiwa petroli. Jumapili iliyopita kiongozi wa kina mama aliombea, kwa sauti ya juu, nyumba moja ya washirika ambayo ina silaha ndani yake. Hakutaja jina. Kanisa zima lilifumba macho, lakini Meja alipofumbua yake alikuta nusu yao wanamtazama yeye.

— Silaha! Mtu hajui fyuzi na bomba ya maji, lakini anajua kuniombea.

Ripota alimpa kikombe, na baada ya kikombe akampa nadharia. Alisema shida si kanisa, shida ni zile namba. Kila chuma cha vita kina namba, na mahali fulani kuna daftari, na mwenye daftari anajua kila kimoja kiko wapi. Ndiyo maana wanajeshi wa kigeni huja kufanya mazoezi huku kwetu kila mwaka. Ati mazoezi. Wanatafuta vyao. Meja alimwuliza kwa nini basi hawajabisha mlangoni kwake. Ripota akajibu kwamba hawana haraka, kwa sababu ndani ya fyuzi za zamani huwa mna zebaki nyekundu, na zebaki hiyo lazima iive, na bado haijaiva.

— Uliionea wapi?

— Kitu kama hiyo haionwi, Meja. Ukiiona, umeshachelewa.

Meja aliipiga fyuzi kibao kama mtu anayepiga mgongo wa ng'ombe wake, na Nyawira akasogeza kigoda chake nyuma kidogo. Lakini hakuondoka. Birika lilikuwa bado limejaa na wateja wa sokoni walikuwa hawajaanza kupita.

Hapo ndipo Waweru alipotoka karakanani, miwani ya kuchomelea ikiwa juu ya paji la uso, mikono ikiwa myeusi. Benchi ni lake, kona ni yake, na jina lake la kijiweni ni Cheche. Alikuwa amesikia yote kupitia kwa mabati, akaja moja kwa moja upande wa Meja. Alisema wanawake wa siku hizi wanaogopa chuma kwa sababu wamezoea plastiki. Alisema shaba ni kama binadamu, inachoka. Ukiiweka kwa mvua na jua miaka themanini itakuwa na nguvu gani ya kulipuka? Yeye mwenyewe ana miaka hamsini na tatu, na kuna asubuhi hata kuinuka kitandani ni mradi.

— Halafu kuna hii maneno, aliendelea. Fyuzi ni ndume. Kombora ni jike. Ndume peke yake kwa rafu, bila jike, italipua nini?

— Sasa hiyo umeongea, Meja alisema, ingawa alijua si kweli hata kidogo.

Alijua vizuri kuliko wote. Alijua kwamba fyuzi nzima, hata bila kombora lake, ina baruti yake ndogo inayotosha kuondoa mkono. Aliwaeleza jambo hilo mara nyingi mno pale pale kwenye benchi, pamoja na namna ya kuitambua iliyotolewa uhai: fundi huifungua, huitoa baruti, kisha hutoboa tundu ubavuni ili kila mtu atakayeishika baadaye aone kwamba ni ganda tupu. Kitu kisicho na tundu hakiingii kwangu, alikuwa akiwaambia, na alilisema hilo kwa majivuno, hata kwa watu wa vyuma kuukuu waliosimama kunywa kahawa. Lakini leo hakutaka elimu. Leo alitaka watu wa upande wake, na Cheche alikuwa mtu.

Lynn alifika wakiwa katikati ya ndume na jike. Alikuja kwa miguu kutoka stendi, mtoto amefungwa mgongoni kwa leso, kofia ya sufu nyekundu ikichungulia begani. Aliwaamkia wazee mmoja mmoja, akamsalimu Nyawira, akasimama hatua kadhaa mbali na benchi. Hakukaa.

— Baba, sikuja kugombana.

— Umekuja kunichukulia bibi. Hiyo si kugombana?

— Nataka kuuliza kitu moja tu. Ukinijibu vizuri, mum abaki, na mimi nilale leo, na mtoto alale.

Meja aliwatazama wenzake. Hili alikuwa hakulitarajia. Alijinyoosha kama mtu aliyeitwa mbele ya kamati.

— Uliza. Uliza hawa wasikie.

— Hiyo kitu ilikuwa ndani yake, ni nani aliitoa?

Lilikuwa swali la mtoto wa shule. Meja alifungua kinywa kujibu. Kwa zile kumi na moja angetaja majina, miji na tarehe bila kushika karatasi. Aliitazama ya kumi na mbili.

— Iko na tundu, alisema.

— Tundu naona, Baba. Nauliza ile ya ndani.

— Mtu akitoboa tundu, ni kwa sababu ameshatoa. Ndivyo inafanywa.

— Sawa. Ni nani?

Ripota alikohoa. Ni Cheche aliyejibu, tena kwa furaha, kwa kuwa aliona rafiki yake amebanwa na yeye ana jibu mfukoni.

— Lakini si hiyo tundu ni yangu?

Meja aligeuka polepole.

— Ni yako namna gani?

— Yule jamaa wa vyuma aliileta hapa mwaka jana. Akasema Meja hanunui kama haina tundu. Nikaibana kwa vaisi, nikapiga drili. Ilitoka safi, hata wewe uliisifu.

— Na ndani ulitoa nini?

— Nitoe nini? Vumbi ya shaba ilianguka. Nilipofika mahali pagumu nikaachia hapo, Cheche alisema, akiwatazama mmoja baada ya mwingine, furaha ikianza kumwacha. Meja, si wewe ndiye ulituambia, hapa hapa, ikipigwa tundu imekufa? Mimi niliiua.

Meja alisimama. Ngumi yake iliinuka, na wote waliona inakwenda kwa uso wa Cheche. Maneno yalimjaa kinywani: mpumbavu, muuaji, ningekuzika leo. Kisha yakamkwama, kwa sababu kila neno alilolishika lilikuwa na jina lake. Nani alifundisha tundu? Nani aliapa mbele ya kila mwuza vyuma kwamba anachotaka kuona ni tundu tu? Nani alicheka pale sakafuni? Hasira ya asubuhi nzima, iliyozunguka kwa mke, kwa binti na kwa kanisa, ilirudi nyumbani ikamkuta yupo. Ngumi ilibaki juu kidogo, haijui iende wapi, kisha ikashuka.

Ndipo alipoona mahali alipoiweka. Kutoka kwenye fyuzi hadi kwenye jiko hapakuwa na shubiri mbili. Shaba ilikuwa inang'aa kwa joto la makaa.

— Nyawira, alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo hata wakamsogelea kusikia. Inuka. Usichukue kitu. Nendeni nyote.

Nyawira aliinuka bila kuuliza, mkono wake ukiwa bado na kikombe. Ripota alikuwa tayari ng'ambo ya barabara, simu sikioni, anawaeleza polisi mahali kona ilipo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuongeza chumvi. Cheche alirudi nyuma hatua kwa hatua, mikono imeinuliwa kama aliyeonyeshwa bunduki, akirudia kwamba yeye aliambiwa.

Meja alivua koti, akaizungushia mikono, akashika masikio ya jiko pamoja na birika lake. Hakuligusa taulo. Alilibeba jiko hatua ishirini, akitembea kama anayebeba mtoto aliyelala, moto ukipenya kwenye kitambaa na kumla viganja, mpaka kwenye mtaro. Hapo mikono ilimshinda. Birika likapinduka na kahawa yote ya siku ikaingia kwenye matope, ikitoa mvuke.

Hakurudi kwenye benchi, wala hakuondoka. Polisi walikuwa wamemwambia Ripota kwamba mtu yeyote asikaribie hadi wataalamu wafike, na mtu wa kuwazuia wengine alihitajika. Akasimama katikati ya barabara, mikono imetanda, akiwafokea waliokuwa wakiteremka sokoni na viroba vyao. Waliomjua walidhani Kabura ameshaondoka na akili imemruka.

Lynn alikuwa amesimama chini ya kibaraza cha duka la mbegu, ng'ambo. Mtoto alikuwa amemwona babu yake na alikuwa akimnyooshea mikono.

— Baba, na wewe toka hapo.

Alipunga mkono wake ulioungua, kama mtu anayefukuza kuku shambani. Lynn alirudi nyuma hadi kwa fundi wa viatu. Akapunga tena, kwa hasira, akamwambia aende, amchukue mama yake, na mtoto asilale kwake leo, asilale kesho. Lynn akarudi hadi kwenye kona ya pili, akasimama tena. Babu akapunga. Aliendelea kupunga mpaka kofia nyekundu ikapita ukuta wa hoteli, hata baada ya kuwa haionekani tena.