Birika Langu na Mimea ya Buibui

Sikilizeni wanangu, na wewe kaka mtu acha kuchungulia saa, ninakufa, sitakuchelewesha. Niinulieni mto kidogo niione baraza. Kwenye vile vyungu vinavyoning'inia pale ni mimea yangu ya buibui. Ya kijani yenye mstari mweupe kila mjinga wa mtaa huu anayo, lakini ule wenye majani ya kujikunja, ule wenye ukingo wa manjano, na ule mweupe karibu wote nilioulea miaka kumi na tisa kabla sijaupata wa pili, hiyo haipo popote ila kwangu.

Mnaijua tabia yake. Mmea mama hushusha kamba ndefu, na mwisho wa kamba vinaning'inia vitoto vyenye vijizizi, ukikata kimoja ukakipanda tayari unao mwingine, ndiyo maana watu hawaishi kuomba. Fundi cherehani wa jirani aliomba, mkunga aliyenizalisha ninyi wawili aliomba, na mimi sikumnyima mtu, maana mnyimi husemwa. Niliwakatia, nikawafungia kwenye gazeti, wakaondoka wakinishukuru, na vyote vikafa kabla ya wiki mbili. Wakasema mama yenu ana mkono wa kupanda, wao hawana. Siri ya mtungi aijuaye kata, na yangu ilijulikana na birika la jikoni. Kila kitoto nilichokitoa nilikichovya mizizi kwenye maji yanayochemka, nikahesabu hadi tano, nikakifuta vizuri. Kitu kilichopo kila nyumba ni nyasi, na mimi sikulea nyasi.

Binti yangu, usiangalie chini, nasema na wewe. Ulikuwa na miaka tisa uliponiomba kitoto cha ule mweupe, nikakupa, kikafa. Ukaomba tena, kikafa. Cha tatu kilipokufa nikakuambia mbele ya wageni kwamba una mkono wa kuua, wakacheka, nawe ukacheka nao. Nilidhani utasahau. Ulipojifungua ukamwachia mama mkwe wako amwogeshe mtoto, wewe umesimama mlangoni mikono nyuma, nikajua hukusahau. Ningeweza kusema siku ile. Sikusema, kwa sababu ungeniomba cha nne.

Usilie, maji yakimwagika hayazoleki. Gawaneni hivi: kaka yako achukue vyungu vyote, ingawa hatofautishi jani na kitunguu, maana hatavipenda, na mtu asiyependa haombwi. Wewe chukua birika.

Unakwenda wapi? Weka hicho kisu. Kaka mtu, mzuie dada yako, anaukata ule mweupe, anavikata vitoto vyote. Anampa nani? Hiyo ni sauti ya fundi cherehani barazani kwangu. Mzuie, nakuambia. Mbona na wewe umekinga mikono?

Haya. Pumzi imeniishia. Mnizike asubuhi, na juu yangu msipande kitu. Mungu awape... ngojeni. Mungu aibariki mikono yenu, yote minne. Hata hiyo. Hata hiyo, nimesema.

Koo limekauka. Nani huyo ananishikia kikombe? Sioni vizuri. Kama ni wewe, binti yangu... kiache kwanza kipoe.