Ng'ombe Aliyerudishwa na Ruthu

Sogeeni, wanangu, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni. Elisha, kaa hapa nikuone. Erica, niwekee mto huo mgongoni, hivyo, ahsante mama. Mdogo wangu Daudi yupo, mchungaji Kefa yupo, hao ndio mashahidi wangu, na haya nitakayoyasema ndiyo wosia wangu mimi Gerson, hakuna mwingine niliouandika wala kuuficha popote.

Yaliyo mepesi nayamaliza upesi. Mpaka wa shamba la zabibu, ambao mimi na Daudi tumenuniana kwa ajili yake tangu baba yetu afariki, uhamishwe mpaka pale anapotaka Daudi, maana nimechoka kugombea mchanga ambao kesho nitalala chini yake. Mbuzi ni wa Erica. Nyumba ya Chimwaga wanayopanga wanafunzi, mashine ya kukamua alizeti, na ghala la Zuzu, hivyo nitavifikia, na hapo ndipo mtakaponichukia.

Habari ya ghala mnaijua, lakini mchungaji alikuwa hajahamia kwetu, kwa hiyo naye asikie. Mwaka ule alizeti ilistawi kupita kawaida, nami kwa tamaa ya kununua yote nikaamuru magunia yapangwe juu, juu zaidi, mpaka yakauegemea ukuta. Upande wa nje, kwenye kivuli cha ukuta huohuo, wakulima walikuwa wamekaa wakisubiri mizani. Ukuta ukawaangukia. Priska alivunjika uti wa mgongo na mpaka leo hajasimama, wengine wamebaki wakikongoja, na Jordan, mtoto pekee wa jirani yetu Ruthu, tulimfukua akiwa amekwisha kufa, kofia yake bado kaishika mkononi.

Kwetu mtu akifa kwa mkono wako humtumi mjumbe. Unamswaga ng'ombe mwenyewe mpaka kwa mfiwa, na kabla kamba haijapokelewa unasema kwa kinywa chako ulilolitenda. Nilichagua mtamba mzuri kuliko wote zizini, Elisha akanisindikiza, nikasimama mbele ya Ruthu nikamwambia: ukuta ni wangu, magunia nimeyapanga mimi, mwanao nimemuua mimi. Akanyoosha mkono akapokea kamba. Tangu siku ile tuliweza kuteka maji kisima kimoja.

Sasa bima. Kampuni ya ng'ambo iliyokuwa ikinunua alizeti yetu ilitutaka tukate bima ya dhima huko kwao, ile inayowalipa watu uliowadhuru. Nilitia sahihi nikaona nimejikinga, nikasahau kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Mkataba wao unasema ukikiri kosa kabla ya kupata ruhusa yao, bima imekufa. Nao waliposikia habari ya ng'ombe wakasema, huyo ng'ombe ndiye kukiri kwenyewe, hatulipi.

Tena mkataba huohuo hauruhusu kwenda mahakamani kwetu. Ugomvi unapelekwa kwa wasuluhishi huko London, sisi tunamchagua mmoja, wao wanamchagua mmoja, na hao wawili wanamtafuta wa tatu. Wakili wetu Salma aliponieleza nilicheka, nikamwambia mbona hivyo ndivyo wazee wetu wanavyoamua kesi za malisho. Niliwaamini wasuluhishi hao, na hata sasa sina neno nao, kwa sababu waliuliza swali moja tu, na ni swali la haki: ng'ombe yule alikuwa na maana gani?

Swali lilipokuja mimi nilikuwa Mvumi hospitalini, napumulia mashine. Ukajibu wewe, Elisha, kwa niaba yangu. Ukaapa kwamba ng'ombe alikuwa kifuta machozi tu, ambacho jirani yeyote humpa mfiwa, na kwamba baba yako hakutamka neno lolote la kosa. Nawe ulikuwepo, mwanangu. Ulikuwa umesimama ubavuni kwangu.

Sisemi ulifanya kwa uchoyo. Ulimwona Priska kitandani kwake, ukawatazama na watoto wako, ukafikiri neno moja dogo litawaokoa wote. Mimi mwenyewe, nilipotoka hospitalini nikaambiwa, nilinyamaza, nikatamani neno lako liwe kweli. Lakini wenye bima walimtuma mtu wao kwa Ruthu, akamsomea maneno yako kwa Kiswahili, akamwuliza kama ndivyo ilivyokuwa. Angeitikia tu, naye angelipwa. Hakuitikia. Alikwenda akamfungua ng'ombe, na ndama wake aliyezaliwa kwake, akawaswaga kwa miguu mpaka hapa, mama mtu mzima yule, jua la utosi. Alinikuta nimekaa barazani. Nikamwamkia, akaacha salamu yangu chini. Akafunga kamba kwenye nguzo ya lango, akasema, "Mzee Gerson, kumbe mwanangu hakuuawa na mtu. Chukua mnyama wako."

Nimewazika wazazi wangu, nimemzika mama yenu, lakini moyo wangu ulikuwa haujapata kuvunjika namna ile. Tulimuua Jordan kwa ukuta, tukarudi tukamuua kwa maneno.

Nipe maji, Erica. Kidogo tu.

Basi shikeni hili. Mwezi ujao wasuluhishi watawasikiliza tena kwa njia ya skrini, ofisini kwa Salma. Maneno ya Elisha yafutwe. Waambieni mzee alikiri, na alikiri kwa sababu ilikuwa kweli, na kwamba kwetu asiyekiri haruhusiwi hata kulia msibani. Salma anasema huenda wakatuelewa, huenda wasituelewe. Wasipotuelewa, uzeni ghala, uzeni mashine, uzeni nyumba ya Chimwaga, muwalipe tuliowadhuru, na Priska atibiwe wa kwanza. Mtabaki na kaya hii na zizi lake. Mchuma janga hula na wa kwao, wanangu, nami nimewachumia. Nisameheni.

Na kabla ya hayo yote, leo hii, nikiwa bado naona, Elisha, mrudishe ng'ombe kwa Ruthu. Useme mbele yake kwamba ulidanganya. Asipopokea kamba, kaa langoni mpaka jioni, na kesho uende tena. Usimharakishe. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Mbona unatazama mlangoni?

Ndiyo, najua una watoto. Najua wanasoma. Baba yangu hakuniachia kitu zaidi ya jina, na jina hilo ndilo lililonikopesha mbegu za kwanza. Njoo unishike mkono. Haya. Mkono wako una baridi kuliko wangu. Inuka sasa, uende.

Ameinuka, Daudi. Umemwona? Nilijua. Nyamazeni kidogo, nataka nisikie lango la zizi, lile bati lake hulia likifunguliwa...

Hilo ni gari.

Erica, hilo si gari la kaka yako?

Msimwite. Kefa, keti, usimfuate. Msimpigie simu. Mwacheni aende.

...

Erica. Sogea, sioni vizuri. Daudi na mchungaji, sikieni, msimamizi wa mirathi yangu ni Erica, na mbele ya wasuluhishi atakayesema ni Erica. Kwetu mtoto wa kike hapeleki ng'ombe wa damu. Hata hivyo, peleka wewe. Ukifika kwake vua viatu, umtaje Jordan kwa jina, na useme yote, hata la kaka yako, ila usimtukane kaka yako. Mimi mnizike pembeni ya mama yenu, bila hotuba. Ruthu akija, mpeni kiti cha mbele. Asipokuja, asiulizwe.

Mungu wa baba zangu awape mvua kwa wakati wake. Awape usingizi, mimi umenikimbia. Asiwafungie watu mlango, wala ninyi msiwafungie. Na Elisha... mwambieni baraka ni hiyohiyo, sikuigawa, fungu lake limo. Akirudi atalikuta.

Sina pumzi, mama. Usilie, utaniliza.

Usingoje nife. Nenda sasa hivi. Ng'ombe ana ndama, hatembei haraka.