Firigisi ya Baba Mwenye Nyumba

Noah ya abiria ilipotoka Tunduma, mzee aliyekaa mbele yangu aliutupia jicho mfuko wa mama wa pembeni yake. "Mwanangu, kilo nzima ya firigisi? Kuku ana moja, nayo ni ya baba mwenye nyumba. Sasa mumeo tutamtambua kwa kitu gani?" Mama akacheka. "Nimezinunua Nakonde, baba. Wazambia wanaziita gizadi. Firigisi ni ya mume, gizadi leo tutakula wote." Mimi, ambaye sijawahi kunyimwa firigisi, nikageukia dirishani.

"Jina la Kizungu halibadilishi mila," mzee akasema. "Sawa," mama akajibu, "lakini tangu niolewe firigisi nazipika tu, sijawahi kuonja. Hivi, baba, ni tamu?"

Gari likasimama Mpemba. Mzee akashuka haraka, kama mtu aliyeulizwa siri ya ukoo.