Mabomu ya Meja Gasper

Ukishuka ufukweni Mwigobero ukaona benchi la mbao za mtumbwi uliopasuka, limeegemea ukuta wa banda la kahawa la Mama Boke, pita mbali kama una haraka. Wanaokaa hapo hawana haraka, na yako wataimaliza. Hapo ndipo nchi inapoendeshwa, tangu asubuhi mpaka birika likauke, na uwaziri hupewa aliyekaa karibu na sahani ya kashata. Wiki hiyo ilifanya kazi wizara moja tu, ya ulinzi. Jumanne lilikuwa limepita gari la matangazo, spika mbili kichwani, likasema Ijumaa alfajiri jeshi litaanza mazoezi ziwani. Wananchi wasishtuke wakisikia milio, na kuanzia alfajiri hiyo chombo chochote kisionekane majini mpaka watakapotangaziwa. Likakunja kona, likaenda zake. Kilichobaki bila kuelezwa kikawa kazi ya benchi.

Na mwenye kazi hiyo kuliko wote alikuwa Gasper, kwa cheo Meja. Usije ukampigia saluti. Gwanda hajavaa hata la kuazima, na shule iliachana naye kidato cha pili, ingawa mwenyewe husema ndiye aliyeiacha, kwa huruma. Umeja ulitokana na binamu yake anayepika maharage kwenye kambi fulani ya jeshi huko mbali. Kwa mvuke wa maharage hayo Gasper alikuwa anajua nchi ina vifaru vingapi, kipi kinagoma kuwaka asubuhi, na kamanda gani anakoroma.

Alhamisi jioni hiyo Meja aliongea kuliko kawaida, na aliyemjua angejua kuna kitu kinamla. Mke wake Dorah alivuka Jumatatu kwenda kisiwa cha Nyambogo kununua dagaa na kuwaanika mwenyewe, maana Dorah haamini mikono ya mtu mwingine. Alitakiwa kurudi Jumatano na boti ya Amos. Jumatano boti ya Amos haikwenda. Alhamisi nayo haikwenda. Kule kisiwani simu inashika mtandao ukipanda juu ya jiwe moja, na jiwe halichaji betri. Kwa hiyo kila baada ya muda Gasper alijitenga nyuma ya banda, akapiga, akamsikiliza yule dada wa mtandao akimwambia namba haipatikani, akaitikia kwa sauti, "sawa, nimekuelewa, sawa," kisha akarudi amekunja uso kama mtu aliyetoka kukabidhiwa siri.

—Nani huyo? aliuliza Pistoni. Pistoni ni Bernado, fundi wa mashine za boti, mtu ambaye mikono yake imesahau rangi iliyozaliwa nayo.

—Binamu.

—Anasemaje?

—Anasema mambo ni makubwa.

Basi mambo yakawa makubwa. Mzee Mugeta, wanayemwita Bajeti, akakunjua kipande cha gazeti kilichofungia andazi lake. Elimu yote ya uchumi ya mzee huyu inatoka kwenye karatasi za maandazi, ndiyo maana hesabu zake huishia pale mafuta yalipolowesha. Siku hiyo alisoma kwamba jeshi la nchi fulani, jina limeliwa na mafuta, limetengewa matrilioni, idadi nayo imeliwa. Akawaeleza kwa upole kwamba hela ya serikali usipoitumia, mwakani wanakukatia. Sasa jeshi limebakiwa na mabomu ya mwaka huu, mwezi wa sita unakuja, yasipolipuliwa itabidi yarudishwe dukani.

—Ndiyo maana wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, alimalizia.

—Hapo kibaba ni nini, mzee? aliuliza Pistoni.

—Ni ziwa, mura, kijana wangu.

Pistoni hakukubali. Kwake yeye mazoezi yalikuwa geresha, kinacholetwa ni nyambizi. Aliiona kwa macho yake ikipita Bunda juu ya trela, imefunikwa turubai, ndefu mpaka kichwa kinaingia sokoni mkia bado uko stendi. Kitu kile kikiwashwa kinakunywa mafuta ya kituo kizima kabla hakijalowa. Halafu nyambizi haziuzwagi mojamoja, ni kama ndala, unanunua jozi. Ile aliyoiona ilikuwa moja. Nyingine iko wapi? Aliuliza huku anaangalia maji, na wenzake nao wakaangalia maji.

Kwenye idadi ya askari ndiyo wakagombana kabisa. Bajeti alisema jeshi halihesabiwi kwa vichwa, vichwa vinajificha; unahesabu mabuti yakianikwa, unagawa kwa mbili. Meja akacheka kwa pua. Nusu ya jeshi, alisema, haivaagi mabuti. Iko uraiani. Ni muuza barafu, ni mpiga debe, ni yule jirani anayekaa kimya sana. Macho yakaenda kwa Amos, ambaye tangu jana hakuwa amesema sentensi inayozidi sukari yake.

—Hata kwenye benchi hili yupo mmoja, Meja alisema.

—Kama yupo alipe kahawa, alisema Mama Boke. Jeshi lina hela.

Wakacheka, isipokuwa Amos. Ukimya wa Amos ulikuwa na historia fupi ambayo Meja angependa isisimuliwe, kwa hiyo tuisimulie. Jumanne ile, gari la matangazo likiwa halijafika hata sokoni, Gasper aliwaambia kwamba jeshi limeshatega mabomu chini ya maji, madogo kama sufuria, na yana masikio. Yakisikia mashine ya boti yanapanda juu. Kasia hayalisikii. Aliyatega pale pale, kati ya funda moja na la pili, kwa sababu Pistoni alikuwa ameshikilia mazungumzo muda mrefu na nyambizi yake, na Meja hawezi kukaa nyuma ya nyambizi. Lakini benchi hilo halipokei kitu likakiacha kilivyo. Pistoni akaongeza kwamba mlio yanaouchukia zaidi ni wa mashine ya nguvu za farasi kumi na tano. Bajeti akasema bomu moja bei yake ni shule ya kata pamoja na mwalimu mkuu. Mama Boke akakumbuka mteja aliyeona samaki kule Suguti wakielea, tumbo juu. Mpaka giza linaingia yalikuwa mabomu ya watu wote.

Mashine ya Amos ni ya farasi kumi na tano. Jumatano asubuhi aliifungua kwenye boti, akaibeba begani mpaka nyumbani, akailaza chini ya kitanda. Abiria wa Nyambogo akawaambia warudi kwao.

Gasper alimwona akipita nayo. Angeweza kusema neno pale pale. Neno lenyewe lilikuwa "nilitunga," na Meja hakuwa na pa kuliweka, mdomo ulishajaa. Akajipa moyo kwamba Ijumaa iko mbali. Sasa Ijumaa ilikuwa kesho, na yeye anamjua Dorah. Dorah hangojagi boti. Akishafunga magunia yake anapanda chochote kinachovuka alfajiri, hata mtumbwi wa wavuvi wanaorudi na taa zao, usingizi machoni. Alfajiri. Kila mawazo yalipofika kwenye neno hilo, Gasper alinyanyuka kwenda nyuma ya banda.

Alikuwa anarudi kutoka huko na habari kwamba marubani wa ndege za kivita siku hizi hawalali, wanachajiwa, alipokuta mgeni amesimama mbele ya benchi. Mwanamke kijana, magunia matupu kwapani, vumbi la barabara mpaka kwenye kope. Alimwamkia Mzee Mugeta, akasema anaitwa Sara, anauza dagaa Nyasura kule Bunda, na ametelemka mwaloni, boti zinakoegeshwa, akakuta mitumbwi imelala kama kuna msiba. Wakamweleza. Walimweleza wote kwa pamoja: mwezi wa sita, nyambizi, sufuria zenye masikio. Pistoni akamuuliza kama na yeye aliliona lile trela lilipopita kwao.

—Lile la nguzo za umeme?

—Ndivyo walivyowaambia, Pistoni alisema kwa huruma.

Sara akapokea kikombe, akanywa, akaangalia ziwa ambalo halikuwa na kitu juu yake. Hakuuliza kwa kukomoa. Aliuliza kama mtu anayeuliza choo kiko wapi.

—Na walioko visiwani, hili tangazo nani amewapelekea?

Bajeti alisema serikali ina njia zake. Sara akauliza ni ipi. Pistoni alisema zile spika zilikuwa kubwa sana, siku ile zilitetemesha bati. Sara akauliza kama kisiwa kinaonekana kutoka hapo. Hakionekani. Ni Mama Boke aliyesema polepole, huku anafuta meza isiyokuwa chafu, kwamba kule kila kitu kinafikaga na boti ya abiria, sukari, vocha, hata taarifa za misiba. Kama walikuwa wameambiwa kwa njia nyingine, hakuna aliyejua. Kama hawakuambiwa, kesho alfajiri mitumbwi ya dagaa ingekuwa katikati ya maji, inarudi nyumbani. Na anayebeba habari alikuwa amekaa palepale kwenye benchi, anakoroga kahawa iliyokwisha.

—Mimi nimetii, Amos alisema.

—Katazo linaanza kesho, kaka, alisema Sara. Leo si wanaruhusu?

Gasper alinyanyuka, na safari hii hakwenda nyuma ya banda.

—Amos. Kalete mashine twende. Jua bado lipo.

—Na mabomu?

—Hakuna mabomu.

Benchi zima likageuka.

—Ulisema yapo, Meja.

—Nilitunga, kaka. Binamu yangu anapikaga maharage, hajawahi kuniambia kitu. Huko nyuma ya banda nilikuwa nampigia Dorah. Hapatikani toka jana.

Ungetegemea wamcheke mpaka aombe uhamisho. Ingekuwa nafuu. Lakini Pistoni alimtazama kwa heshima ambayo hajawahi kumpa, akamnong'oneza Bajeti kwamba wakubwa wa jeshi wamempigia, wamemwamuru akanushe. Bajeti akatikisa kichwa kwa uchungu, akasema ndiyo hayo, mkataa kwao ni mtumwa. Gasper akaapa kwa mama yake. Akaapa kwa Biblia, akataja mpaka kurasa ambazo hajazisoma. Kadiri alivyoapa ndivyo mabomu yalivyozidi kuwa ya kweli, maana nani anaapa hivyo kwa kitu kisichokuwepo? Jumanne yalimchukua funda moja kuyatega. Sasa aliyatoa kwa mikono miwili na hayakutoka.

Amos alifikiri sana kabla ya kujibu, na alijibu bila ubaya.

—Juzi ulisema yapo, na hukuwa na shida yoyote. Leo mke wako yuko ng'ambo ndiyo unasema hayapo. Mtu anadanganya akiwa na shida, Meja.

—Sasa nifanyeje?

—Mashine haitoki. Nina watoto.

—Basi nipe boti.

—Boti chukua. Makasia yamo ndani. Kasia hayalisikii, umesema mwenyewe.

Kwa mashine, Nyambogo unafika kabla kahawa uliyokunywa haijakuamsha vizuri. Kwa kasia, na ile boti pana ya abiria, ni usiku kucha, na hapo ziwa liwe limeamka na roho nzuri. Gasper alivua viatu, akavipanga chini ya benchi kama anaingia ndani kwa mtu. Mzee Mugeta alitafuta methali ya kumsindikiza, akapata mwenda pole hajikwai, akaitazama boti, akainyamazia. Sara aliuliza kama anajua kupiga kasia.

—Kidogo, Gasper alisema.

Ilikuwa mara ya kwanza benchi kumsikia akitumia neno hilo juu yake mwenyewe, na Mama Boke akaacha kufuta meza.

Aliisukuma boti peke yake. Ilitoka, ikageuka, ikamrudia. Akaisukuma tena, ikamzungusha, ikaenda kugonga mtumbwi uliofungwa jirani. Pistoni aliangalia pembeni. Alikuwa anajaribu mara ya tatu, maji kiunoni, aliposikia mtu anatukana nyuma yake kwa Kikurya, tusi refu lenye ng'ombe ndani yake. Amos alikuwa anaingia majini na suruali yake ya kanisani, akilalamika kwamba mjinga huyu atampasulia boti bure. Akapanda nyuma, akachukua kasia la pili. Kila baada ya pigo moja alichungulia chini, pembeni mwa boti.

Gasper alikaa mbele. Kabla hawajaipita mitumbwi yote iliyofungwa, viganja vilikuwa vimeanza kuwaka. Jua lilikuwa limegusa maji, jekundu, na mbele hapakuwa na kisiwa, palikuwa na ziwa tu na ziwa jingine nyuma yake. Alijaribu kuhesabu usiku una urefu gani. Alijaribu kukumbuka kama Dorah huamka kabla au baada ya jogoo, akagundua hajui, kwa sababu kila siku yeye ndiye anayeamka mwisho.

—Tutawahi? aliuliza bila kugeuka.

Nyuma yake kasia lilizama taratibu, likatoka, likazama tena.

—Piga, Amos alisema. Usiongee.